Kwa Koku, Kuhusu Ile Bajaji ya Kimwani

Mawe Koku,

Nakuita mawe, yaani mama, kama nilivyokuwa nikikuita ulipokuwa unatambaa chini ya meza yangu ya kazi, kwa sababu jina lako ni la mama yangu, na mama yangu sikuwahi kumwita kwa ukali. Wewe nimekuita kwa ukali. Tutafika huko.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Shule niliishia darasa la tatu, hilo unalijua, na herufi zangu ni kubwa kama vidole vya ndizi, maneno matatu mstari umejaa. Lakini sikutaka mtu anishikie kalamu. Mtu akikushikia kalamu anakupunguzia maneno makali anakuongezea ya adabu, na mimi safari hii sitaki kupunguziwa. Tena barua hii si ya macho yako peke yako. Nitakwambia mwishoni naipeleka wapi.

Kwanza nikukumbushe mimi ni nani, maana huko Mwanza huenda wanakusahaulisha. Mimi ndiye Byabato, fundi redio wa Hamugembe. Kutoka hapa mpaka Rubafu hapakuwa na redio iliyokufa nikashindwa kuifufua. Kipaza sauti cha parokia kilipoanza kukoroma katikati ya misa ya Pasaka, padri alinyamaza akaniita kwa jina mbele ya waumini wote, nikakigusa kikaongea. Marehemu Bwana Hirji wa duka la vipuri, akiletewa kitu asichokielewa, alikuwa anasema, "Mpelekeeni Byabato. Yeye akishindwa, kitupeni." Haya si majivuno. Majivuno ni kusema umefanya usichofanya. Hilo nalo nimelifanya, mara moja, na ndilo limenikalisha hapa na kalamu.

Nakukumbuka ukiwa na miaka mitano, unapanga rezista kwa rangi kwenye visoda vya bia. Mama yako, Mungu ampumzishe, alikuwa akilalamika kwamba nakuharibu, mtoto wa kike anukie risasi iliyoyeyuka badala ya kunukia sabuni. Nilimjibu, "Mwache, huyu anajua kahawia na nyekundu kabla hajajua Baba Yetu." Nilijisifia kwako hata kwa wateja. Ulipokwenda chuo nikatembea Hamugembe nzima nikiwaambia. Uliporudi na kompyuta yako mgongoni nilijua kuna kitu kimebadilika, kwa sababu sasa kwenye meza yangu palikuwa na jambo moja nisilolijua. Sikukwambia kwamba liliniuma. Nakwambia leo.

Halafu zikaja zile bajaji mbili za umeme. Unakumbuka zilivyopokelewa? Nyeupe, zina kitanda nyuma cha kumlaza mgonjwa, moja zahanati ya Rubafu, moja zahanati ya Kimwani kule Muleba. Hazili mafuta, hazipigi kelele. Watu wakapiga vigelegele. Baada ya muda kampuni iliyozileta ikafunga ofisi, namba zao zikawa haziiti, na watu wa Rubafu wakazibatiza jina: mayatima.

Ya Rubafu ndiyo iliyotangulia kufa. Mvua iliingia kwenye boksi la kuendeshea, lile lililo chini ya kiti, na chipu yake, ule ubongo mdogo mweusi wenye miguu pande zote nne, ikaungua. Nikasema naondoa, naweka nyingine, tumemaliza. Wewe ukacheka taratibu.

"Tata, hii siyo redio. Hata tukiipata chipu nyingine, itakuwa haijui kitu. Ni kama kumweka mgeni kwenye usukani na kumwambia aendeshe mpaka nyumba ambayo haijui."

"Basi tuchukue maneno ya bajaji ya Kimwani tumwambie huyu mgeni."

"Ya Kimwani imefungwa. Ukilazimisha kuifungua inajifuta yenyewe. Imetengenezwa hivyo. Afadhali ife kuliko kusema."

Nilikusikia, Koku. Sikukuelewa, lakini nilikusikia. Hili ulikumbuke tutakapofika mbele.

Ukanieleza na jambo la pili, kwamba mashine hizi zinahesabu mara zilizochajiwa, na zikifika hesabu yake bila kuongea na kwao, zinajifunga zenyewe. Na kwao pamebomolewa. Kwa hiyo hata ile ya Kimwani, iliyokuwa bado inatembea, ilikuwa inatembea kuelekea siku yake. Tuliwaomba watu wa Kimwani waturuhusu tubadilishe ubongo wake mapema. Nesi Adera wa zahanati yao akakataa. Alisema, "Mzee, gari linalotembea halilazwi. Likilala, mama zangu nawabeba na nini?" Na mimi nikamheshimu kwa jibu lile.

Basi tukaanza na Rubafu. Chipu ile haitengenezwi tena, uliitafuta kila mahali ukakosa. Ni nani aliyeipata? Mimi. Kwenye mlima wangu wa vyuma na mbao za redio, ule ambao mama yako alitaka kuutupa na wewe ulitaka kuutupa. Nilikumbuka ile mashine ya kukimbilia iliyotupwa na hoteli pale mjini, ambayo mzungu alikimbia juu yake mpaka ikashika moto. Nikaifungua. Chipu mbili ndani, aina ile ile, miguu thelathini na miwili kila moja. Ulinikumbatia. Ulisema, "Tata, naomba radhi kwa mlima wako."

Na maneno ya kuitia chipu ile uliyaandika wewe. Niseme tena, watu wasikie vizuri. Uliyaandika wewe, Kokushubira binti Byabato, kuanzia neno la kwanza, masika nzima, umekaa kwenye kigoda katika kibanda kisicho na dirisha. Mimi nilizungusha gurudumu kwa mkono, hatua kwa hatua, wewe ukaandika nyaya tatu zinasema nini kila linapogeuka. Mota ilipogeuka vibaya, sikio langu ndilo lililojua. Nilisema, "Inalia kama ng'ombe aliyemeza kamba, badilisha nyaya za katikati," ukabadilisha, ikatulia. Hiyo ni haki yangu na siigawi. Lakini umeme ulipokatika, na ulikatika sana, wewe uliinama juu ya meza na sindano zako za kupimia, na mimi nikasimama nyuma yako na tochi. Mkono ukinichoka ulikuwa unasema, "Tata, kidogo kushoto." Nikasogeza kushoto.

Kwa sababu herufi zinanichosha, ulinichorea. Kila kitu cha Rubafu ulikichorea samaki, kila kitu cha Kimwani ng'ombe mwenye pembe. Ng'ombe wako walikuwa wanafanana na mbuzi, lakini nilielewa.

Na unakumbuka siku ya mjumbe wa mtaa? Nilikuwa nimeziweka chipu zilizoungua, ya Rubafu na nyingine za redio, kwenye kikapu cha kamwani, zile buni za kutafuna, kile chenye kifuniko, cha mama yangu, kwa sababu kinakaa pakavu. Mjumbe akaja, nikamletea kikapu kama inavyotakiwa mgeni aletewe, akachota bila kuangalia, akatia mdomoni buni mbili na chipu moja. Akatafuna. Tukasikia jino. Akasema, "Ta Byabato, kahawa yako mwaka huu ina mifupa." Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema chipu ile ilikuwa na akili kuliko mdomo ulioitafuna, na mjumbe bado yupo mlangoni!

Ningependa kuishia hapo.

Siku tuliyoirudisha bajaji ya Rubafu uwanja wa zahanati ulijaa. Dereva aliizungusha mara tatu, akina mama wakaikimbilia. Kuna mtangazaji wa redio alikuja na kinasa sauti. Akaniuliza, "Mzee, akili ya mashine hii nani ameiandika upya?"

Nikasema, "Mimi. Kwa mikono hii."

Akakuangalia wewe. Ulikuwa umeikumbatia kompyuta kifuani, na fulana yako ina tundu begani, lililotobolewa na tone la risasi ya kulehemu. Akauliza, "Na binti huyu?"

Nikasema, "Huyu? Huyu ananishikia taa tu."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka mzee akitania. Wewe ulirudi nyuma hatua moja, ukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Nilikuona. Nikaendelea kuongea.

Waliirudia redioni siku tatu. Nilifungua sauti hadi mwisho kila mara, na wewe ulikuwa jikoni unamenya ndizi. Wiki iliyofuata ukapata kazi Mwanza. Asubuhi ya kuondoka ulisimama mlangoni na begi. Ulisema, "Tata, kuhusu ile ya Kimwani..."

Nikasema, "Ya Kimwani naijua."

Ukafungua mdomo tena. Nikaongeza sauti ya redio. Ukaingia jikoni kidogo, ukatoka, ukaenda.

Siku ya tatu nikatafuta ile chipu ya pili ya mashine ya hoteli. Haipo. Nikapekua kibanda chote. Haipo. Basi nikakutumia ujumbe wa sauti, kwa kuwa kuandika naona taabu, na nilichosema unakijua. Nilisema mwizi ni mwizi hata kama nimemzaa. Nilisema umeondoka na kitu changu ukakiuze kwa watu wako. Hukujibu. Mimi nikachukulia ukimya wako kuwa ndiyo ushahidi. Hadi leo ukiniuliza niliwezaje kulala, nitakwambia nililala vizuri kabisa, na hilo ndilo linalonitisha.

Kuanzia siku ile sikumpa mgeni kamwani hata moja. Wewe ndiye uliyekuwa ukizichemsha na kuzianika. Kikapu kikabaki kining'inia jikoni juu ya mafiga, na waliokuja niliwaambia sina. Wakaona ni uchoyo wa uzee.

Sasa sikiliza yaliyotokea wiki iliyopita.

Nesi Adera aliteremka hapa na basi la asubuhi kutoka Kimwani, sketi imelowa tope mpaka magotini, na boksi la kuendeshea amelibeba mapajani njia yote, limefungwa kwenye kanga kama mtoto. Dereva wake alilifungua kwa spana akampa. Hakuomba hata maji.

"Mzee, imejifunga. Jana imewaka taa nyekundu, haisogei. Nina mama mmoja ana mapacha, mmoja amekaa vibaya. Daktari ameshasema asizalie kwangu, apelekwe hospitali kabla uchungu haujaanza. Barabara yetu pikipiki zinaanguka na mvua hii, na basi linapita barabara kuu tu, nimelifuata kwa miguu. Nimesikia redioni kwamba wewe ndiye uliyeandika ubongo wa ile ya Rubafu. Basi la kurudi ni kesho asubuhi. Nataka nirudi na kitu kinachotembea."

Koku, ungekuwepo ungesema nini? Mimi nilisema, "Umefika."

Nikawasha ile kompyuta ya zamani uliyoniachia, nikaunganisha waya wako kwenye boksi. Ile picha ikatokea, yenye vitufe. Vimeandikwa Kiingereza, sijui kuvisoma, lakini nilikuona ukifanya. Mimi kazi zangu zote maishani nimejifunza kwa kuangalia mikono ya mtu. Na mikono yako niliiangalia. Ulipokuwa unaiandaa chipu ya hoteli, kabla ya chochote, ulibofya kitufe chekundu. Baadaye gurudumu likazunguka. Basi nikajua dawa ni chekundu.

Nikabofya chekundu.

Mstari ukajaa upesi, ukafika mwisho. Nikageuza kipini cha mwendo. Kimya. Hata ile taa nyekundu ya kujifunga ikawa imezimika. Hapo ndipo maneno yako yakarudi, neno kwa neno, na sauti yako ndani. Afadhali ife kuliko kusema. Chipu ya hoteli ulitaka ijifute, ilikuwa na maneno ya mashine ya kukimbilia, hayakuwa na faida kwetu. Hii ya Kimwani ilikuwa na maneno yake yenyewe. Yalikuwa yamefungwa tu, ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeyafuta.

"Vipi?" akauliza Nesi Adera.

"Inapumua," nikasema.

Nikatoka nje nikasimama kwenye migomba. Nikakupigia. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mara ya tatu nikaomba Mungu upokee unitukane. Hukupokea, na nilijua kwa nini.

Ikabaki njia moja. Maneno yako yalikuwa ndani ya boksi la Rubafu. Uliwahi kuniambia, "Ya kwangu sitaifunga, Tata. Atakayekuja aisome." Nikampigia dereva wa Rubafu, akaja kwa bodaboda saa nane mchana na boksi lake kwenye mfuko wa salfeti. Aliliweka mezani polepole, hakuondoa mkono.

"Ta Byabato, waitu, nakuomba, hii ndiyo iliyobaki," akasema. "Nimeacha mtu wa kifafa kitandani kule. Jioni niwe nimerudi nayo."

Nikaunganisha waya. Picha ile ile. Vitufe vile vile. Kimoja kati ya vile kinasoma, kimoja kinaandika, kimoja kinafuta, na katika kukusoma mikono nilijua kimoja tu, na hicho sasa nilijua ni kaburi. Niliyatazama yale maandishi mpaka macho yakatoka maji. Dereva anahema. Mvua imeanza juu ya bati. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kijani na hakikuthubutu kushuka, mimi Byabato, ambaye nimewahi kulehemu waya mwembamba kuliko unywele nikiwa nimesimama juu ya ngazi.

Nesi Adera akaegemea meza. Hakupaza sauti.

"Mzee. Una hakika?"

Na mimi nikasema, sijui nani alinisemea, "Sina."

Nikaendelea, kwa sababu lilikuwa limeshafunguka. "Sina. Na ya kwako nimeshaiua, asubuhi hii hii. Haipumui. Aliyeandika maneno haya ni binti yangu. Mimi sijui hata kimoja kinasema nini."

Nilitegemea anipige kofi. Dereva wa Rubafu aliuchomoa waya mwenyewe, haraka, akalikumbatia boksi lake. Nesi Adera akavuta kigoda chako akakaa. Halafu akasema, kwa uchovu tu, "Haya. Tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni. Hata kamwani kweli, Ta Byabato? Mgeni kutoka Kimwani kote huko, hata kamwani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama yangu angefufuka. Nikaenda jikoni nikakiteremsha kile kikapu, kimejaa masizi, nikakifuta kwa shati. Nikakileta mbele yake, nikakifunua kwa mikono miwili.

Juu ya buni kavu palikuwa na kitu kimekunjwa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya majani ya chai. Juu yake umechora ng'ombe. Anafanana na mbuzi.

Koku, nilikaa chini. Nikaifungua ile karatasi kwa ukucha.

Ndani ilikuwa chipu ya pili. Ile niliyokuita mwizi kwa ajili yake. Pembeni ya ile nukta yake ndogo umeweka alama nyeupe ya rangi ya kucha, ili macho yangu yasikosee upande. Na karatasi ndogo, haina neno hata moja. Umechora boksi, umechora chipu ya zamani ikitoka, mpya ikiingia, na mkono ulioshika chuma cha kulehemu. Mkono una kovu kwenye dole gumba. Ni wangu.

Ulijua siku yake itafika. Ulijua sitakuwa na wewe, na ulijua sitasoma. Kwa hiyo ukamaliza kazi yako yote, ukaitia chipu maneno, ukaniachia ile iliyo yangu, ya kulehemu. Ukaiweka mahali ambapo ningeifikia siku ya kwanza nitakapomkaribisha mgeni kama mtu. Na ukajaribu kuniambia, na mimi nikaongeza sauti ya redio.

Nesi Adera aliuliza, "Ni nini?"

"Bajaji yako," nikasema. "Lete ile taa."

Dereva wa Rubafu akashika tochi, Nesi Adera akashika boksi lisiteleze. Nilipasha joto chipu iliyofutika, nikaiinua na kibanio. Nikasafisha njia zake kwa nyuzi za shaba mpaka zikang'aa. Nikaiketisha ya kwako, nukta kwa nukta, alama nyeupe ikinitazama. Nikalehemu mguu wa kona ya huku na mguu wa kona ya kule ili isikimbie. Kisha mmoja mmoja. Mkono uliokuwa umekwama kwenye kitufe haukukwama. Miguu miwili iligusana, nikavuta pumzi, nikaitenganisha. Hapo sikuwa na haja ya kuuliza mtu. Hapo mimi ni mimi.

Tukaunganisha lile gurudumu la majaribio uliloning'iniza darini kwa kamba ya katani. Nikageuza kipini.

Kimya.

Nesi Adera akasema, "Yesu."

Nikaangalia. Nilikuwa nimesahau kurudisha waya mweusi wa betri. Nikaurudisha. Nikageuza tena, kidogo, na gurudumu likaanza, polepole, bila kulia, bila kugugumiza, likizunguka juu ya vichwa vyetu, na vumbi la miaka likatuangukia machoni. Dereva wa Rubafu akapiga magoti, yule mtu mzima. Mimi niliendelea kushika kipini mpaka Nesi akanigusa bega. "Basi, mzee. Usilichoshe."

Alitafuna kamwani mbili, akaweka tatu kwenye pochi ya njiani. Akalala kwa dada yake Hamugembe, akaondoka na basi.

Kesho yake alinipigia. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Mzee, imewaka. Nimemfikisha mwenyewe, nilikaa nyuma naye. Wamempasua. Wote watatu wazima." Kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Mmoja ana sauti kuliko wewe."

Nilikupigia kukwambia. Hukupokea. Ni sawa. Usipokee kwa sababu nimekupigia, pokea siku utakayotaka.

Sasa jambo lenyewe. Habari zimefika mjini, na yule mtangazaji amenipigia. Anataka nirudi studio Jumapili baada ya misa nieleze jinsi fundi Byabato alivyofufua yatima wa pili. Aliniuliza, "Mzee, utaanzia wapi?" Nikamwambia nina karatasi. Nitasoma hii. Nitaisoma pole pole, kwa sababu nasoma pole pole, na wakitaka kukata hewa wakate, nitasimama nje ya mlango wao niimalizie kwa mdomo. Ni masikio yale yale yaliyosikia kwamba unanishikia taa. Na yasikie hili.

Sikwambii urudi. Najua una kazi yako, na nasikia huko wanakupa bajaji za watu wengine walioachwa. Mlima wangu wa vyuma sitautupa, hilo usiniombe hata ukirudi, umeona mwenyewe faida yake. Ujumbe ule wa sauti, kama hujaufuta, ufute. Kama huwezi kuufuta, usikilize mara moja zaidi, kisha usome hii, uone ni kipi kinachofanana na baba uliyemjua ukiwa unapanga rezista kwenye visoda.

Kamwani nimechemsha mpya. Nimeunguza kidogo chini, lakini zinatafunika. Kikapu sasa kinakaa mezani, si jikoni. Kila anayeingia kibandani anapewa kabla hajaeleza shida yake. Mjumbe wa mtaa anaziangalia moja moja kwanza.

Ile karatasi yako ya mkono wenye kovu nimeipigilia ukutani, mahali pale niliposimama nyuma yako.

Baba yako,
aliyekushikia taa.